Siku Niliyobeba Televisheni Hadi Kwenye Matuta

Binti wa kaka yangu aliponionyesha blogu yake kwa mara ya kwanza, alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha kikongwe kutumia choo cha kuvuta maji. Shangazi, aliniambia, habari mpya inakaa juu, ya zamani inasukumwa chini, na kila moja ina tarehe yake. Nilimwacha amalize, maana adabu ni adabu. Kisha nikamwambia kwamba kitu hicho nilikiunda mimi, huku Kalamba, kabla yeye hajazaliwa, kwa kompyuta isiyozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, betri ya gari, na kifuniko cha sufuria ya nyanya yake. Akacheka. Mimi sikucheka. Naandika haya ili ajue alikuwa akimcheka nani.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa kupiga chapa katika politekniki ya kijiji. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini, sijaolewa, na nilikuwa nikiishi kwa mama yangu, mambo matatu ambayo watu wa kwetu hawakuchoka kunikumbusha. Likizo moja nilikwenda Kitui mjini kusahihisha mitihani. Huko nikamkuta mwalimu mmoja mgeni, mzungu wa kujitolea, akifunga mizigo arudi kwao. Mezani kwake palikuwa na kitu cheusi chenye vitufe vya mpira, nami nikadhani ni mashine ya kupiga chapa ya watoto. Akakiunganisha na televisheni, akaandika mistari miwili, na skrini ikajaa jina langu kutoka juu hadi chini. Nilisahau kusahihisha mitihani alasiri ile. Kabla hajaondoka tulikuwa tumebadilishana: yeye alichukua vyondo vitatu vya mkonge vilivyosukwa na mama yangu, nami nikachukua kompyuta na kitabu chake cha maelezo. Mama hakufurahi alipoona vyondo vyake vimeleta nini.

Nyumbani hakukuwa na umeme. Kompyuta ilitaka volti tisa na betri ya gari hutoa kumi na mbili, na hizo tatu za ziada zilitosha kuiunguza. Fundi wa redio pale Mbumbuni alinitafutia kidude chenye miguu mitatu cha kupunguza umeme, akanionya kwamba hupata moto na lazima kifungwe kwenye bati la kukipoza. Nilitafuta bati siku mbili. Siku ya tatu nikachukua mkasi wa kukatia mabati nikakata kifuniko cha sufuria ya mama, ile kubwa ya kupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alipokikosa nilimwambia ukweli, kwa sababu mama yangu hakudanganyika, na wiki nzima muthokoi wetu ulifunikwa kwa sinia na mimi nikala kimya. Lakini kidude hakikuungua. Televisheni niliyopata ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri. Betri yenyewe ilichajiwa kwenye mashine ya kusaga unga, ikisafiri juu ya punda pamoja na mahindi, na nguo zangu mbili nzuri zilitobolewa na asidi yake kabla sijapata akili ya kuvaa aproni.

Kitabu cha maelezo nilikisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, hiyo ilikuwa kazi yangu, ila kompyuta ile haikujali wepesi. Ukisahau alama moja ya mkato inakukatalia. Ukizima, inasahau kila kitu. Ulichotaka kikumbukwe ulikirekodi kwenye kaseti ya kawaida, kwa redio ya kawaida, na maandishi yakageuka mlio mkali kama wa panya aliyebanwa na mlango. Ili kuyarudisha unaicheza kaseti, sauti isiwe kubwa wala ndogo, unangoja dakika kadhaa huku ukimwomba Mungu. Nilijifunza kusafisha redio kwa pamba na spiriti, na nilijifunza kumfukuza kuku kwa mguu bila kuinua macho kutoka kwenye skrini.

Programu yangu niliiita Ubao. Kila jioni niliandika mistari miwili ya mambo ya siku hiyo: nani amepoteza mbuzi, nani amejifungua, mkutano wa kanisa umesogezwa, mashine ya kusaga imeharibika msijisumbue kuja. Siku ya soko niliweka televisheni dirishani kwenye duka la kaka yangu, na watu wakasoma. Mwanzoni nilipanga habari kama daftari linavyopangwa, ya zamani kwanza. Lakini watu wa soko wana mizigo. Walisoma mstari wa juu tu wakapita, na kwa wiki tatu mfululizo kila niliyekutana naye alinipa pole kwa sababu ya mbuzi wetu aliyekuwa amekwisha kupatikana. Hapo ndipo nilipogeuza mpangilio, mpya juu. Ilinichukua wiki mbili za kufuta na kuandika upya, na ilipokubali nilijipigia makofi peke yangu jikoni. Sikuisoma popote hiyo. Nilifundishwa na mbuzi.

Watu walisema, bila shaka. Walisema mwalimu ameshindwa kuolewa na mtu akaolewa na televisheni. Nabii hana heshima kwao. Hata hivyo siku ya soko dirisha lilijaa watu mpaka kaka yangu akalalamika kwamba wanamzibia wanunuzi.

Mstari uliosomwa kuliko mingine yote ulihusu korongo. Korongo letu linapita kati ya kijiji na soko. Mvua ikinyesha huko juu milimani, upande wa Kikima, maji hushuka ghafla yakiwa yamebeba mchanga, na njia hukatika siku moja, mbili, hata tatu. Kwa hiyo kila siku, kabla ya habari yoyote, palikuwa na neno moja: limepita, yaani maji yameshuka, au kavu. Hata nilipochoka kuandika mengine, hilo halikukosekana. Sikuwa na mpango wowote nalo. Nilipenda tu kuona safu ikirefuka, jinsi mtu mwingine anavyopenda kuona mahindi yake yamepangika.

Maji ya kunywa hayakutoka kwenye korongo hilo, maana likishapita hukauka. Mama yangu aliyachota mtoni, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, na huko alichimba mchanga kwa kibuyu akangoja kisima kijae. Wakati ninaouzungumzia, goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba. Nilimwambia nitakwenda mimi, akaniuliza wanafunzi wangu watafundishwa na nani. Siku za Jumapili nilikwenda. Siku nyingine sita alikwenda yeye, akichechemea, na nilimsikia akirudi kabla sijamwona kwa sababu alianza kuongea na goti lile akiwa bado mbali.

Basi afisa wa maji akaja. Alikuwa na saruji ya bwawa moja la mchanga, yaani ukuta unaojengwa kukata korongo ili mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Saruji ya bwawa moja tu, na makorongo mawili yaliyoomba: letu, na la kijiji cha chini karibu na barabara. Tulikutana kanisani. Afisa alisema hatajenga ukuta mahali ambapo maji hayapiti vya kutosha, na kwamba ameshachoka kuambiwa kwa mdomo tu. Alitaka kuonyeshwa, kwa misimu minne ya mvua iliyopita, korongo lilipita siku zipi. Wale wa chini wakasema wataleta barua ya chifu.

Mimi nikasimama. Nikasema siku zote ninazo, moja moja, kwa tarehe, na baada ya wiki moja nitamwonyesha kwa macho. Sitajidai kwamba nilisema kwa unyenyekevu. Nilivimba. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa wanawake, kikundi chetu cha kulimiana mashamba na kuchimbiana matuta kwa zamu, na alikuwa ameketi benchi la mbele na goti lake limenyooshwa. Aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nikate kile kifuniko niliona amenisamehe.

Sasa hapa lazima nieleze ujanja wangu. Kaseti tupu hazikukaa nyumbani kwetu. Kila jamaa aliyepita alizitaka, arekodi kwaya za redioni au magitaa ya benga, na ukisema zina kazi anakuuliza kazi gani na hazina wimbo. Kwa hiyo kaseti ya Ubao niliiweka ndani ya kasha la kaseti ya kwaya ya kanisa letu. Nilijua jamaa zangu. Wangeiba mali yangu bila wasiwasi, lakini mali ya kanisa wasingeigusa. Kila kaseti ina kijipande cha plastiki nyuma ambacho ukikivunja haiwezi kurekodiwa tena. Hilo nalo nililijua. Sikukivunja kwa sababu nilitaka kuendelea kuongeza habari. Nakala ya pili nilikuwa nayo, ila mwezi mmoja kabla nilikuwa nimeifuta ili nipate nafasi ya mchezo niliokuwa nikiuandika, wa kigari kinachokwepa mawe. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo. Ujanja mwingi mbele kiza.

Jioni ile baada ya mkutano niliunganisha redio, nikabonyeza, nikangoja mlio. Badala ya mlio zikatoka sauti za kwanza za akina mama, halafu za pili, halafu besi za wanaume waliochelewa kuingia kama kawaida yao. Kompyuta iliwasikiliza kwa subira yote, skrini tupu, ikitafuta herufi ndani ya wimbo wa mavuno. Nilijaribu mara nne. Nikageuza upande wa pili wa kaseti, na huko mlio ulikuwepo: msimu wa mwisho peke yake, niliokuwa nikiuongezea kila jioni. Misimu mitatu ya mwanzo ilikuwa imeliwa na kwaya. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikalia, na si aibu kusema.

Mama alikuja akaniuliza nimefiwa na nani. Nilimweleza. Alisema kiongozi wa kwaya alipita Jumamosi ya wiki iliyotangulia nikiwa sipo, akaulizia kaseti ya kanisa kwa sababu ile ya kwao ilikuwa imetafunwa na redio, naye akampa kwa moyo mmoja. Alikuwa ameirudisha jioni hiyohiyo, na shukrani, na mbaazi mbichi kwenye kikapu. Mbaazi hizo tulikuwa tumeshazila.

Kiongozi wa kwaya alikuwa jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Asubuhi nilimkuta akipepeta, na hata salamu sikumalizia.

"Hiyo kaseti ilikuwa imeharibika, mwalimu," aliniambia bila wasiwasi wowote. "Ilikuwa inalia tu kama kitu inachinjwa. Nikaona aibu ya kwaya. Nikaweka mazoezi yetu ya Jumamosi juu yake, ikapona."

Niligomba. Nilimwambia mengi ambayo mtu anayefundisha Sunday school hapaswi kuwa nayo kichwani, na nikamwambia kwamba ameuzika mguu wa mama yangu akiwa hai. Yeye alipepeta tu mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha akaniuliza hiyo kitu ilikuwa imeandikwa nini ndani. Nilimjibu kwamba ni siku zote korongo lilipita.

Akaweka ungo chini. "Si hizo ndizo tunaimbanga kwa mwethya?"

Sikumwelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mgeni. Yeye hakujua kusoma, lakini kila siku ya soko alisimama dirishani kwa kaka yangu akasomewa skrini yote na yeyote aliyekuwa karibu. Siku za mwethya, wanawake wakichimba matuta, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Wimbo wa jembe lazima uwe na maneno mapya, la sivyo watu wanalala, na maneno yake mapya yalikuwa ni yangu, yakiongezwa mkiani mwa yale ya zamani. Mbuzi, watoto, mashine ya kusaga, na korongo kabla ya vyote, likisahihishwa na waliyoyaona wenyewe, kwa sababu korongo likipita wale wa ng'ambo hawaji kazini na lazima watajwe waone haya. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka miwili nikidhani wasomaji wangu ni wale waliojua kusoma. Wakati wakiimba mimi nilikuwa darasani nikifundisha vidole vya watoto wa watu.

Nilimwomba aimbe. Akaanza vizuri, mistari mitatu, minne, akakwama. Akarudia mwanzo, akakwama palepale. Akatazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

"Nikiwa nimekaa haitoki," alisema. "Hiyo inatoka na jembe."

Mwethya uliofuata ulikuwa siku mbili baadaye, kwenye shamba la mjane mmoja mteremkoni. Niliomba ruhusa politekniki nikasema ninaumwa, na kwa kweli nilikuwa ninaumwa. Punda alibeba betri. Televisheni punda hakuaminika nayo, kwa hiyo niliifunga mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso ambao wanawake wa kwetu hubebea maji na kuni. Sikuwa nimeuvaa siku ya kazi tangu nianze kulipwa mshahara. Kompyuta niliitia kifuani ndani ya leso. Wanawake waliponiona nikiteremka hivyo, na viatu vyangu vya ualimu, walipiga vigelegele vya dhihaka, na mmoja akauliza kwa sauti kama leo mwalimu amekwenda mtoni kuchota picha.

Jua lilikuwa kali na skrini haikuonekana. Nikajifunika leso mimi na televisheni pamoja, kichwa ndani, mgongo nje, na mama akanishikia mwavuli juu. Joto la mle ndani lilikuwa la tanuri. Kisha majembe yakapanda yakashuka, kiongozi wa kwaya akaita, wanawake thelathini na zaidi wakaitikia, na siku zangu zikaanza kurudi.

Zilirudi kwa mpangilio, hilo ndilo lililonishangaza. Msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vidole vyangu vilikimbia. Pale ambapo wimbo ulisema tu korongo lilikula njia siku mbili, wanawake waligombana bila kuacha kuchimba: hapana, ilikuwa siku tatu, si ndiyo wiki ile jeneza la mzee wa kanisa lilikaa upande wa pili tukaliimbia tukiwa huku, ndiyo, na siku ya soko ilikuwa kesho yake. Nilikuwa na kalenda ya politekniki mapajani nikiyabadilisha hayo kuwa tarehe. Walipochoka wakapunguza mwendo, wimbo nao ukaanza kupotea, na mama yangu akawakemea kama ng'ombe wa kulima. Walichimba mpaka shamba la mjane likaisha wakaingia la jirani yake, ambaye hakuwa ameomba. Kila mstari uliotoka kwa wimbo niliuwekea nyota pembeni, nisije nikauchanganya na ule wa kaseti.

Alasiri nilirekodi kila kitu kwenye kaseti mpya, nikavunja kile kijipande cha plastiki mbele ya wote, na kiongozi wa kwaya akaomba apewe akitupe yeye mwenyewe.

Siku ya afisa kanisa lilijaa. Wale wa chini walikuwa na barua ya chifu, na muhuri wake. Mimi niliwasha televisheni juu ya meza ya sadaka, safu ikajaa skrini, na afisa akavuta kiti akaisoma kwa kidole, msimu baada ya msimu. Alikuwa mtu wa kusoma polepole. Kisha akauliza hizi nyota ni za nini.

Ningeweza kusema ni urembo. Mama yangu alikuwa kwenye benchi lake la mbele. Nilikuwa najua, na afisa hakujua, kwamba robo tatu ya nilichokuwa nikimwonyesha ilitoka kwenye midomo ya wanawake wenye majembe. Lakini nilikuwa nimeweka nyota hizo kwa mkono wangu, na nilikuwa na kiburi nazo. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu kasha, kwaya, na mwethya, yote isipokuwa kigari cha mawe.

Watu wa chini wakacheka, na mmoja akasema kwamba hata wao wangeweza kutunga wimbo. Afisa hakucheka. Aliuliza ni mistari gani haina nyota. Nikamwonyesha msimu wa mwisho, ule uliosalia kwenye kaseti. Akauliza kama wanawake wameuona. Nilisema walisomewa zamani dirishani, lakini siku ile kwenye matuta sikuufungua hata kidogo, hatukuwa na haja nao.

"Basi waimbe huo," alisema. "Mimi nitaangalia hapa."

Kiongozi wa kwaya akasimama, akamwambia kwa heshima zote kwamba ndani ya nyumba ya Mungu kwa nguo za Jumapili hiyo haiwezi kutoka. Majembe yakatafutwa. Tulitoka nje, televisheni ikawekwa mlangoni kivulini, na wanawake wakajipanga kando ya kanisa wakaanza kuchimba mtaro ambao mchungaji alikuwa ameuomba tangu mwaka juzi. Wakaimba msimu mzima. Afisa alifuata kwa kidole, siku kwa siku, midomo ikitembea, huku karani wake akimtafsiria Kikamba. Limepita, limepita, kavu. Mara akainua mkono.

Palikuwa na siku mbili ambazo hazikulingana. Wimbo ulisema korongo lilishuka kwa kishindo likamchukua ndama. Skrini yangu ilisema kavu.

Mtu wa chini alishaanza kusema, mnaona. Nilitazama tarehe, nikaitazama tena, ndipo nikakumbuka. Siku hizo mbili nilikuwa Kitui kusahihisha mitihani. Sikuandika kitu. Na programu yangu, niliyoiunda mwenyewe mstari kwa mstari, ilikuwa imeambiwa kwamba nisipoandika kitu iandike kavu, kwa sababu niliona uvivu kujaza neno hilohilo kila siku ya kiangazi. Mashine haikuwa imekosea. Nilikosea mimi, na wimbo ulikuwa umenishika.

"Hapo waamini wao," nilimwambia afisa. "Mimi sikuwepo. Wao walikuwepo."

Afisa aliuliza kama mwenye ndama yupo. Alikuwepo, na alisimulia habari za ndama yule kwa urefu ambao hakuna aliyeuhitaji. Afisa akafunga daftari lake. Alisema amefanya kazi ya maji miaka mingi na hajawahi kuletewa kumbukumbu zilizotunzwa mara mbili, kwa maandishi na kwa wimbo. Saruji, alisema, itashuka kwetu baada ya mavuno. Wanawake hawakusikia vizuri kwa sababu walikuwa bado wanachimba. Mama yangu alisikia. Alikaa vile vile, akapitisha mkono juu ya goti, mara moja, mara mbili, kisha akaniita kwa jina la bibi yake, ambalo huniita akiwa hana neno lingine. Nimepata vyeti katika maisha yangu na nimepeana mikono na wakubwa. Hakuna siku niliyojivunia kuwa mimi kama siku ile.

Programu niliirekebisha wiki hiyohiyo. Nisipoandika kitu, iliandika sijui. Watu wengi wazima hawajajifunza kusema hivyo, na kompyuta yangu ndogo ilijifunza kwa mistari minne.

Ukuta tuliujenga sisi, mawe yakipita mkono kwa mkono, na msimu wa kwanza haukutuletea kitu ila mchanga, kama tulivyoambiwa. Wengine walianza kunung'unika. Msimu wa pili mchanga ulifika juu ya ukuta. Kiangazi kilipokuja, mama alishuka asubuhi na kibuyu chake, hatua chache tu kutoka zizini, akachimba mpaka kiwiko, akangoja.

Alasiri hiyo niliporudi kazini mtungi ulikuwa umejaa na yeye ameoga. Nilifungua Ubao kama kawaida. Akavuta kigoda akaketi ubavuni mwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Andika," aliniambia. "Leo sijaenda mtoni."

Niliandika. Nikamwambia kwamba bado ana nafasi ya mstari mwingine mzima, anaweza kuongeza jambo. Alisema hakuna jambo lingine. Kesho yake akaja tena na kigoda chake akaniambia niandike hivyo hivyo, na keshokutwa, na kiangazi chote kile mama yangu aliniambia maneno hayo hayo kila alasiri, nami nikayaandika yote, kila siku kwa tarehe yake.